Dkt. Martina Mihayo, Farasi Karasha na Shimo la Uani

Dkt. Martina Mihayo, Mama Luka, daktari wa mifugo wa kituo chetu cha Nyahanga, Kahama, anastaafu Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025 baada ya kuitumikia mifugo ya Shinyanga na Geita kwa miaka thelathini na minne. Mifugo yenyewe haikuombwa maoni. Ingeombwa, mbuzi wangesema amechelewa kuondoka, maana hakuna mbuzi aliyewahi kufurahi kumwona yule mama akishuka kwenye pikipiki na sindano mkononi.

Kamati ya sherehe iliagiza wasifu huu wa kijarida chake uandikwe na mtu anayemfahamu vizuri mstaafu, tena uandikwe kwa heshima. Sharti la kwanza limetimizwa. Mwandishi ni mtunza stoo ya dawa wa kituo, Mzaramo wa Kisarawe, na mstaafu ni Msukuma wa Shinyanga vijijini. Kwa wasiojua, Mzaramo na Msukuma ni watani tangu enzi za mababu waliobeba mizigo kwenda pwani. Mtani hana adabu kwa mtani wake, na mtani hakasirikiwi. Hata msibani akitukana, wafiwa humtuliza kwa zawadi. Kwa hiyo mwenye malalamiko yoyote kuhusu maandishi haya ayapeleke kwa mababu.

Mama Luka alizaliwa mwaka 1965 katika boma lenye ng'ombe wengi kuliko watoto, na watoto walikuwa tisa. Alisomea udaktari wa mifugo Morogoro, akarudi nyumbani mwaka 1991 na shahada moja, jozi moja ya gambuti, na sauti ambayo mpaka leo haijapata kipaza sauti cha kushindana nayo.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Bugarama. Wazee walimpokea kwa salamu ya mwangaluka na kiti cha heshima, wakampa uji, kisha wakakaa kusubiri daktari mwenyewe aje. Walidhani huyu ni mke wa daktari, katangulia kuja kupika. Binti akanywa uji wake mpaka mwisho, akasema wabeja, yaani asante, akaomba kamba, akaingia zizini na kumlaza chini fahali aliyekuwa ameshindikana na vijana wa kijiji kizima. Alimkata kwato, akamdunga sindano, akatoka akijipangusa vumbi. Mzee mmoja alianza palepale kuuliza baba yake binti anaishi wapi na anadai ng'ombe wangapi.

Alihamishiwa Nyarugusu, kisha Bukombe, na hatimaye Nyahanga alikokaa mpaka leo. Huko kote aliacha majosho yanayofanya kazi na maadui wachache wa kudumu. Homa ya mapafu ya ng'ombe ilipoingia Msalala, ndiye aliyesimama katikati ya barabara na kuzuia ng'ombe wasipelekwe mnadani, huku wenye ng'ombe wakimwita majina ambayo kijarida hiki hakiwezi kuyachapa. Miezi michache baadaye walewale wakamletea kuku wa shukrani. Alipokea kuku, akawakumbusha majina yote waliyomwita, moja baada ya jingine, kisha akawakaribisha chai.

Wenye punda watamkumbuka kwa namna yao. Machimboni punda hubeba maji, kuni na viroba vya mawe ya dhahabu, na wapo wenye punda wanaoamini kwamba mgongo wa punda ni wa chuma. Siku moja pale Nyarugusu alimkuta jamaa anamcharaza punda aliyelala chini ya mzigo. Daktari alikifungua kiroba kimoja, akamtwisha mwenye punda, akamwamuru atangulie, na yeye akafuata nyuma na fimbo. Yule bwana hakuchapwa, lakini mwendo aliokwenda ulikuwa wa mtu anayejua kwamba anaweza kuchapwa.

Ana kasoro, tena nyingi. Hulala kwenye vikao, na akilala anakoroma, na akiamka anachangia mada. Mkoba wake wa kazi una matobolwa, viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, yaliyolala pamoja na kipimajoto cha ng'ombe, na amewahi kumkaribisha mgeni kutoka Dodoma ale, mgeni akala. Ananusa kila kitu: kidonda, samadi, dawa, na hotuba. Kwenye kwaya ya kigango anaimba sauti ya kwanza ingawa Mungu alimpa ya nne.

Sasa tumfikie farasi.

Farasi mwenyewe anaitwa Karasha. Bwana wake ni Stanslaus, Msumbwa wa Ushirombo, mchimbaji wa zamani wa Nyarugusu. Mwaka ambao duara lake, yaani shimo lake la machimbo, lilitema dhahabu, Stanslaus, badala ya kujenga nyumba kama watu wenye akili zao, alikwenda Arusha akarudi na farasi ndani ya Fuso. Alieleza kwamba tangu utoto alikuwa anatamani kukaa juu ya kitu kirefu. Farasi alipoanza kutafuna pumba, wachimbaji wakasema anaunguruma kama karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na jina likamganda. Mwaka uliofuata maji yakaingia kwenye duara. Dhahabu ikawa basi, nyumba hakuna, mke naye akarudi kwao. Alichobaki nacho duniani ni Karasha.

Stanslaus akahamia Bugarama na kuanza kumkodisha farasi kwa maharusi. Biashara ikashika. Kutoka Katoro mpaka Kahama, bwana harusi aliyeingia ukumbini bila kupanda Karasha alionekana kama ameoa kimyakimya.

Halafu ukaota uvimbe pembeni ya jicho la kushoto la farasi, mdogo kama punje ya njugu mawe. Stanslaus akaukata kwa wembe. Ukarudi mkubwa kama ngumi, unavuja damu, na nzi wanaufanyia mkutano mkuu. Maharusi wakaanza kukataa, kwani nani anataka picha ya ukumbusho na kidonda? Jirani mmoja akasema karogwa, mwingine akasema achinjwe, ingawa hawakuafikiana nyama ingeliwa na nani. Stanslaus alifika kituoni kwetu akiwa amekonda kuliko mgonjwa wake.

Dkt. Martina akatazama, akagusa, akanusa. Akasema hii ni saratani ya ngozi inayowapata farasi na punda, na wataalamu wanaamini inahusiana na kirusi cha ng'ombe ambacho pengine hubebwa na nzi. Hapo mtani wake alipata la kusema mwaka mzima, kwamba hata ugonjwa wa farasi ukiuchunguza vizuri utamkuta ng'ombe wa Msukuma kajificha ndani. Lakini daktari siku ile hakuwa na utani. Alimwambia Stanslaus maneno ambayo msomaji ayashike, maana yatarudi: "Ugonjwa huu ukiugusa nusunusu, unarudi na hasira. Ama unaumaliza, ama usiuanze."

Alimpigia simu mwalimu wake wa zamani Morogoro, wakazungumza mpaka salio likaisha pande zote mbili. Wakakubaliana juu ya sisplatini, dawa ya kemo ileile wanayopewa binadamu wenye saratani. Kwa farasi haipitishwi kwenye mshipa. Inachanganywa na mafuta ya ufuta yaliyosafishwa kwa ajili ya sindano, kisha inadungwa ndani ya uvimbe wenyewe, kidogo kidogo kila upande, ili mafuta yaishikilie dawa palepale isitawanyike mwilini. Inarudiwa kila baada ya wiki mbili, raundi nne. Stanslaus aliposikia ufuta alitoka mbio, akarudi na dumu zima kutoka sokoni Kahama. Aliambiwa akakaangie sambusa.

Waliomwona daktari siku ya raundi ya kwanza hawatasahau. Miwani ya plastiki, barakoa, aproni ndefu, glavu mbili mbili, gambuti. Watu wa mtaa wakauliza kama kituo kimeajiri mchomelea vyuma. Wajawazito waliambiwa wakae mbali kabisa. Kila kilichogusa dawa kilifungwa kwenye mfuko wake na kupelekwa kuchomwa kwenye tanuri la hospitali. Alirudia kutuambia kwamba dawa hii inaua chembe za mwili bila kuuliza jina, za saratani na zisizo za saratani, na tone likimwangukia mtu aseme papo hapo aoshwe. Sisi tulimtii. Kusema kweli, tulikuwa tunamwogopa yeye zaidi ya dawa.

Karasha alipewa ya usingizi kidogo, akasimama mdomo umelegea kama mlevi wa pombe ya mtama, na daktari akamdunga huku akimwimbia nyimbo za kwaya. Farasi alilaza masikio. Wapo wanaosema ilikuwa dawa ya usingizi.

Baada ya raundi ya pili uvimbe ukavimba zaidi na kupasuka, na Stanslaus akakata tamaa. Siku ya raundi ya tatu hakutokea. Daktari akapanda pikipiki mpaka Bugarama na kuambiwa kwamba farasi amesafiri. Jamani, farasi anafichwa? Bugarama nzima ilijua kwamba Karasha yuko kwa shemeji yake Stanslaus, nyuma ya banda la nguruwe, amefunikwa turubai, mkia uko nje. Dkt. Martina alilivua turubai, akamkalisha Stanslaus chini, akamrudishia maneno yaleyale, safari hii kwa sauti ambayo nguruwe pia waliielewa. Raundi ya tatu ilifanyika palepale chini ya mwembe wa shemeji, na ya nne ikafuata kwa wakati wake.

Uvimbe ukakauka, ukadondoka kama gamba la kidonda, ukaacha baka jeupe. Jicho likabaki linaona. Maharusi wakarudi, na wengine wakaanza kutaka kupigwa picha upande wa baka, kwa kuwa wamesikia farasi huyo ameshinda saratani na ni wa baraka. Tangu hapo punda kadhaa wa wauza maji wametibiwa kituoni kwetu kwa njia hiyohiyo, na mstaafu ndiye aliyetufundisha.

Mwaka uliofuata Mama Luka alijikuta na uvimbe wake mwenyewe, titi la kushoto. Jambo hili linaandikwa kwa amri yake. Alipoulizwa kama liachwe, alijibu kwamba likiachwa huo utakuwa wasifu wa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ndiye aje kuchukua zawadi.

Alipimwa hospitali ya rufaa Mwanza. Wakamwambia ni saratani, imewahiwa, aanze dawa za kemo mapema kisha apasuliwe. Akawashukuru, akapanda basi, akarudi Nyahanga, akavaa gambuti, akaendelea kuchanja kuku. Hakumwambia mtu. Hakumwambia hata Luka, mwanawe wa pekee, mwalimu kule Bukombe. Alimwambia mtani wake tu, siku moja stoo wakati anachukua chanjo, kwa hesabu kwamba siri ukimpa Mzaramo hata akiitangaza hakuna atakayemwamini.

Na alisema haendi. Sababu yake ilikuwa na mantiki ya kutisha. Yeye ndiye aliyekuwa akiivalia dawa ile glavu mbili. Yeye ndiye aliyekuwa akiogopa tone moja lisimguse kwenye kiwiko. Leo aende akalale kitandani waimwage yote kwenye mshipa wake? Mtu asiyejua anaweza kukubali, alisema, lakini yeye anajua kilichomo ndani ya kile kichupa. Akaongeza kwamba amekwisha kupata majani fulani Ushirombo na mengine anamwachia Mungu. Mtani alimwomba, akamtania, akamsihi, akamtisha kumwambia Luka. Jibu likawa yaya, ambayo kwa Kisukuma ni hapana, na ya Mama Luka ni hapana mbili.

Wiki zikapita. Akaanza kuinua masanduku ya baridi ya chanjo kwa mkono mmoja. Akaacha kukoroma kwenye vikao kwa sababu alikuwa halali tena, anakaa tu akitazama dirishani. Mtunza stoo aliogopa. Liandikwe hivyo hivyo: aliogopa kama mtoto, maana katika ofisi nzima hakuwa na mtu mwingine wa kumtukana asubuhi na kutukanwa naye, na hakutaka kumpata mwingine.

Sasa, utani una desturi yake. Siku ya maziko, mtani huingia kaburini kabla ya maiti, akalala humo, akagoma kutoka mpaka wafiwa wampe anachotaka. Akitaka kuku anapewa kuku, akitaka mbuzi anapewa mbuzi. Hakuna Msukuma anayemkatalia mtani aliyeko kaburini. Ni aibu, na inasemekana ni mkosi. Mtunza stoo akawaza, kwa nini desturi nzuri kama hii isubiri mtu afe?

Jumamosi moja ya Februari, Mama Luka alipokuwa mazoezi ya kwaya, mtani wake alifika uani kwake Nyahanga pamoja na Stanslaus. Stanslaus alikuwa amekwisha kuambiwa habari zote, akalia kwanza, kisha akachukua sululu. Siku hiyo alikuwa anampeleka Karasha kwenye harusi mjini, kwa hiyo farasi naye alishushwa kwenye Fuso, amevikwa riboni na maua ya karatasi, akafungwa pembeni ya karanga za daktari. Mtani akachora mstari wa kaburi mchangani. Mpango ulikuwa shimo la kuonyesha tu, linalofika magotini.

Kosa likawa kumpa sululu mchimbaji wa Nyarugusu. Mchimbaji hajui kuchimba kidogo. Mtani alikwenda kununua soda, aliporudi Stanslaus hakuonekana, ila kifusi tu kinaruka kutoka ardhini. Alikuwa amepita magoti, amepita kiuno, amepita kichwa, na ameanza kuulizia miti ya kuzuia kuta zisibomoke. Huko chini alikutana na jiwe jeupe. Mazoea yana taabu. Akalilamba, akaligeuza juani, akaomba karai na maji.

Bodaboda akapita njiani. Akaona mchimbaji anayejulikana mkoa mzima, amechuchumaa uani kwa daktari, anaosha mchanga kwenye karai. Haikuhitajika tangazo. Kwa wasiojua maisha ya huku, habari ya dhahabu inakwenda mbio kuliko ya kifo, na rashi, yaani ule mkurupuko wa kukimbilia dhahabu, haina kadi ya mwaliko. Kabla soda hazijaisha, wachimbaji walikuwa wamejaa ua mzima, wana masululu na machepe, wanapigilia vijiti kugawana viwanja ndani ya karanga. Mama mmoja alikwisha kufika na sufuria la maandazi. Wawili walikuwa wanagombea choo.

Katikati ya hayo mtani alikumbuka kazi iliyomleta. Akateremshwa kwa kamba shimoni, akalala chali kama desturi inavyotaka.

Ndipo Mama Luka alipoingia getini na kitabu chake cha nyimbo. Aliona umati. Akaona karanga zake. Akaona farasi wa harusi anazitafuna. Ile sauti ambayo kwaya ilikuwa haijapata kuitumia inavyostahili siku hiyo ilipata kazi. Aliwatoa wachimbaji wote nje kwa fimbo ya kufukuzia mbuzi, na walioruka ukuta walikuwa na bahati. Maandazi yaliachwa.

Kisha akasogea kwenye shimo na kuchungulia. Yaliyofuata mwandishi anayaeleza kama alivyoyaona kutoka chini, yaani kipande cha mbingu, ncha mbili za viatu vya Jumamosi, na kichwa cha farasi mwenye riboni.

Mama Luka akauliza hiki ni nini. Mtani akajibu kutoka chini kwamba ni kaburi lake, wamemrahisishia, na kwa kuwa hapangi kufa mwaka ujao bali mwaka huu, mtani kaja kudai haki yake mapema kabla ya foleni. Akatukanwa Kisukuma kwa muda mrefu, na shimo lina mwangwi. Daktari alipochoka, akafanya kile ambacho kila Msukuma angekifanya: akataja kuku. Mtani akakataa. Akataja mbuzi. Mtani akakataa. Akataja ndama jike, na hapo, haki ya Mungu, mtani aliyumba kidogo, lakini akakataa. Akaulizwa basi anataka nini, mwana wa wavivu wa pwani.

Akasema anataka Jumatatu daktari awe Mwanza, kwenye kiti cha kemo, na asikose raundi hata moja. Vinginevyo hatoki.

Hapo Stanslaus, aliyekuwa amemshika farasi kamba, akasema taratibu, shikamoo kwanza, halafu: "Mama, ulisema ukiugusa nusunusu unarudi na hasira. Mimi nilimficha huyu chini ya turubai. Wewe umejificha wapi?"

Mama Luka alilia. Mtani hakumwona, alimsikia. Alilia kwa sauti, hakujizuia, akasema anaogopa, akasema mara nyingi, naogopa gete, naogopa kweli. Stanslaus naye akalia, na kule chini mtani akaona heri shimo ni refu. Baada ya muda ncha za viatu zikasogea ukingoni. Sauti ikasema sawa, atakwenda, na sasa mpumbavu atoke humo kabla hajamfukia.

Mtani akasema wabeja. Kisha ikabidi akiri kwamba hawezi kutoka, shimo limempita kimo na kuta zinateleza. Vitisho vyote vya kugoma vilikuwa vya mtu asiye na namna nyingine. Alitolewa kwa kamba iliyofungwa kwenye shingo ya Karasha, na Mama Luka ndiye aliyemwongoza farasi, akicheka na machozi yakiwa bado usoni. Bwana harusi wa siku ile alikwenda kanisani kwa bodaboda, na kupitia kijarida hiki tunamwomba radhi.

Jumatatu alikwenda, Luka, ambaye sasa alikuwa ameambiwa, kando yake. Aliwakagua wauguzi glavu zao, aproni zao, miwani yao, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake hakupata kosa la mtu. Dawa ya farasi ilikaa kwenye uvimbe, ya kwake ilizunguka mwili mzima. Ilimtapisha, ilimlaza, ilimnyang'anya nywele zote. Stanslaus alimleta Karasha amsalimie, na mtani akamweleza mgonjwa kwamba katika wagonjwa wawili wa kemo wa kituo chetu, mwenye nywele nzuri ni yule mwenye kwato. Mgonjwa alimrushia tobolwa. Hakukosa shabaha, na hakukosa raundi.

Alipasuliwa, akapona kidonda, akarudi kazini. Kila anapokwenda kupimwa, madaktari wa Mwanza wanamwambia hawaoni kitu, na yeye anawaambia watazame tena. Nywele zimeota, nyeupe kama baka la Karasha. Anakoroma tena kwenye vikao. Hatujawahi kufurahia kelele kiasi hicho.

Dkt. Martina, Mama Luka, kituo kinakushukuru kwa ng'ombe waliosimama, mbwa ambao hawakumuuma mtu, punda waliopunguziwa mizigo, na watumishi uliowafokea mpaka wakaijua kazi. Nenda kapumzike. Ukishindwa kupumzika, usije ofisini, tumebadilisha kufuli. Uwe na miaka mingi, meno ya kutafunia matobolwa, wajukuu wasiokuogopa, na afya ya kututukana simuni kila Jumatatu.

Tangazo la mwisho ni la chakula. Lile shimo halikufukiwa. Mwenyewe alikataa; alisema kaburi limekwisha kulipiwa, haliwezi kukaa bure. Alilijaza samadi ya Karasha na udongo, akapanda mipapai. Leo baada ya wali kutakuwa na sinia la mapapai, na yote yametoka humo. Mtunza stoo ameyaonja ili kuhakikisha usalama wa wageni, na anathibitisha ni matamu. Karibuni mle, na aliyetakiwa kuwa chini yake ndiye atakayewakatia.